Golf GTD ya mazutu (dizeli): tuilete Lubumbashi, ao tubaki na GTI ya esanse (petroli)?

Janti_17 ameuliza:

Jambo wakubwa. Swali hili ni la biashara. Kuna mpango wa kuleta Volkswagen Golf 7 GTD mbili ao tatu kutoka Ubelgiji, za mwaka 2014 mpaka 2016, volan kushoto, bwati (giaboksi) ya DSG, inayojibadilisha yenyewe, ya speed 6. Kwenye karatasi gari inavutia: motere 2.0 TDI, nguvu ya farasi 184, torki (nguvu ya kuvuta) 380 Nm. GTI ya wakati ule ule ina farasi 220 na torki 350 Nm. Kwa hesabu ya kiwanda GTD ya bwati ya mkono inakunywa litre 4.2 kwa kilometa 100, GTI inakunywa 6.0. Toka kusimama mpaka 100, GTD inachukua sekunde 7.5, GTI 6.5.

Swali hili limeulizwa kwingine pia. Australia, Volkswagen waliuza GTD ya Golf 6, kisha ya Golf 7 hawakuipeleka, ijapokuwa ya volan kuume ilikuwa inatengenezwa tayari kwa ajili ya Uingereza, na Skoda Octavia RS yenye motere ile ile ya farasi 184 iliuzwa kule. Kwa hiyo shida haikuwa ufundi. Na sisi je? Mazutu yetu itaivumilia? Mnunuzi wa Lubum atairudisha kisha miezi mitatu ao atashukuru? Ningependa majibu ya wenye kufungua motere hizi, si ya wenye kuziona kwenye picha.

---

Fundi wa Kampemba amejibu:

Mukubwa, acha farasi kwanza, tuongee mazutu.

Ulaya na Australia, mazutu ya barabarani ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni tangu 2009. Motere hii ilitengenezwa kwa mazutu ya namna hiyo. Kwetu mazutu inafika kwa njia nyingi, Dar es Salaam, Zambia, Afrika ya Kusini, na Afrika ya Kusini peke yake inauza daraja mbili, ya 50 na ya 500. Ukisimama kwenye pompe hapa mjini, hakuna karatasi ya kukuonyesha umewekewa gani. Lori la zamani halijali. GTD inajali, na inajali kwa mahali patatu.

Pa kwanza ni katalisi ya NOx, ile gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi. GTD nyingi za Golf 7 hazina tangi ya AdBlue, yale maji ya urea ya kusafisha moshi. Zinakamata NOx ndani ya katalisi yenyewe, kisha motere inaichoma kwa vipindi. Salfa inakaa kwenye nafasi ya NOx na haitoki ila kwa joto kubwa zaidi. Mazutu ikiwa chafu, kompyuta inajaribu kusafisha mara kwa mara, mazutu inapotea bure, na mwisho taa ya motere inawaka.

Pa pili ni mafuta ya motere. Salfa ikiungua inatoa asidi, na asidi inakula ile dawa ya kuizuia iliyo ndani ya mafuta. Hapa ndipo wengi wanakosea. Motere inataka 5W-30 yenye alama VW 507.00, litre 4.7 hivi pamoja na filtri. Hayo ni mafuta ya majivu kidogo, ili FAP (filtri ya masizi kwenye njia ya moshi) isizibe, na kwa sababu hiyo dawa yake ya asidi ni kidogo pia. Mtu anaona mazutu ni mbaya, anaweka mafuta ya lori yenye dawa nyingi. Asidi inazuiwa kweli, lakini majivu yanajaa ndani ya FAP, na majivu hayaungui. Jibu ni kubaki na 507.00 na kufupisha muda. Kitabu cha Ulaya kinakubali mpaka kilometa 30,000. Hapa ni 7,500, basi. Mnunuzi asiyetaka kulipa hiyo, umuuzie Toyota IST.

Pa tatu ni pompu ya presha kubwa, na hapo ndipo gari inakufa. Ni Bosch CP4, pistoni moja, na inapakwa mafuta na mazutu yenyewe. Mazutu ikiingia maji, ile rola iliyo chini ya pistoni inaanza kukwaruza kamu. Unga wa chuma unaenda kwenye reli, kwenye injekta zote 4, na unarudi mpaka tangini. Kubadilisha pompu peke yake haisaidii, unga uliobaki utaua pompu mpya ndani ya wiki. Unabadilisha pompu, reli, injekta, mipira ya kwenda na ya kurudi, filtri, unashusha tangi na kuiosha. Hesabu hiyo kwa GTD ya 2014 inaweza kukaribia bei ya gari.

Ndiyo maana mazutu ya kadhafi, ile ya bidoni pembeni ya barabara, haiingii kwenye gari hii hata tone moja. Hata kwenye kituo, chukua litre moja ndani ya chupa nyeupe, iache usiku kucha. Asubuhi angalia chini. Ukiona mstari ao vitone vinavyoteleza peke yao, hayo ni maji.

Filtri ya mazutu ibadilishwe kila kilometa 15,000. Na makosa makubwa yanafanyika siku hiyo hiyo ya kubadilisha: fundi anafunga filtri mpya kavu, anapiga demare (starta) mpaka motere iwake. Pompu imezunguka bila mazutu, chuma kwa chuma. Jaza nyumba ya filtri na mazutu safi kwanza, kisha kwa skana uamuru pompu ya tangini ifanye kazi mara 3 mpaka hewa yote itoke, ndipo uwashe. Fundi asiye na skana asiguse.

---

Mazutu_Ni_Uhai amejibu:

Fundi ametisha watu kupita kiasi. Barabara ya Kasumbalesa na ile ya Likasi zimejaa malori ya shaba, na kinachotafutwa pale ni kupita lori haraka na kurudi upande wako. Hiyo ni kazi ya torki, na 380 Nm ni nyingi kuliko 350. Tena tuko karibu metre 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi. Corolla ya esanse isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho. Turbo inairudisha.

Hesabu ya tangi nayo si ndogo. Kwa mwendo wa kweli weka litre 6 kwa GTD na 8.5 kwa GTI. Mtu wa kilometa 20,000 kwa mwaka anaokoa litre 500. Zidisha na bei ya pompe ya leo.

---

Deux_Litres amejibu:

Turbo inairudisha kwa GTI pia, hiyo si hoja ya mazutu.

Na kuhusu torki, usiangalie namba ya juu peke yake, angalia inakaa wapi. GTD ya Golf 7 ina 380 Nm kati ya mizunguko 1,750 na 3,250. GTI ina 350 kati ya 1,500 na 4,400. Ya esanse inaanza mapema na inamaliza mbali zaidi. Ukimpita lori kwa speed ya tatu, GTD inaishiwa katikati na bwati inabadilisha. GTI bado inavuta.

Zamani haikuwa hivyo. Kwa Golf 6, GTI ilikuwa na 280 Nm tu na GTD 350. Tofauti ya 70 unaisikia mgongoni. Ilipofika Golf 7 tofauti ikabaki 30, na GTI ikawa mbele kwa farasi 36. Kwa maoni yangu hapo ndipo GTD ilipopoteza sababu yake nje ya Ulaya. Ulaya mtu anainunua juu ya kodi ya moshi: gramu 109 za CO2 kwa kilometa dhidi ya 139. Ubelgiji ao Uingereza, gramu 30 ni pesa kila mwaka. Ukiitoa kwenye kodi hiyo, inabaki gari nzuri ya kusafiri mbali. Australia safari ndefu zipo na mazutu safi ipo, lakini mwenye kutaka hatchback ya mbio kule alikuwa na GTI tayari, na mwenye kutaka mazutu ya mbio alikuwa na Octavia RS yenye buti kubwa. GTD ingeuzwa kwa nani?

Sisi kodi ya moshi hatuna, na mazutu ile hatuna. Litre 500 kwa mwaka ni kweli, ila zihesabu dhidi ya injekta 4 na pompu moja.

---

Deklarant_Kasumba amejibu:

Naongeza upande wa karatasi na njia, kwa sababu GTD nyingi zinaharibika kabla hazijafika.

Kwanza, usidanganywe na GTD za Uingereza. Bei yake inavutia, lakini volan ni kuume na sisi tunapita kuume. Kwa gari ya kupita malori, dereva aliyekaa upande wa majani haoni kinachokuja. Chukua ya Ubelgiji ao Ujerumani. Kule mazutu ya zamani inasukumwa nje ya miji: Antwerp waliweka eneo la kuzuia magari ya moshi 2017, Brussels 2018. Wauzaji wanataka ziondoke.

Kabla meli haijaondoka, FERI (karatasi ya kufuatilia mzigo) ya OGEFREM, ofisi ya serikali ya mizigo, iwe imetoka, na cheti cha ukaguzi cha kampuni ya BIVAC kiwe kimeombwa. Gari ikifika Dar bila hivyo, inalala bandarini na bili inapanda kila siku. Faktira iandike aina kamili na namba ya shasi, si "VW Golf" peke yake. Duane (forodha) ya hapa, yaani DGDA, ikiona GTD kwenye shasi na Golf ya kawaida kwenye faktira, mnaanza ubishi wa bei ambao hamtaushinda. Na umri wa gari, nao uulizwe kwa deklarant (wakala wa forodha) kabla ya kutuma pesa, si kisha.

Sasa njia. Kutoka Dar, kupita Tunduma na Zambia mpaka Kasumba, yaani Kasumbalesa, ni karibu kilometa 2,000. Wengi wanaweka dereva wa transit, inapungua bei. Kwa Corolla sawa. Kwa GTD hapana! Dereva huyo anajaza mazutu anapoipata kwa bei ndogo, na taa ya FAP ikiwaka hasimami. Ipakie ndani ya kontena ao juu ya lori la kubeba magari. Ukikosa kabisa, mpe dereva pesa ya mazutu pamoja na majina ya vituo, na umwambie alete risiti.

---

Mutu wa Likasi amejibu:

FAP toa. Toboa, piga programu, mambo yamekwisha. Nani anapima moshi hapa?

---

Fundi wa Kampemba amejibu:

Mutu wa Likasi, "toboa piga programu" ndiyo inatuletea kazi kila wiki.

Kwa motere hii FAP na katalisi ya NOx ziko pamoja, zimeshikana karibu kabisa na turbo. Ukitoboa, umetoa vyote viwili. Vipimo vya joto na vya presha vinabaki vinasoma uongo, kwa hiyo programu inabidi ivifumbe macho kimoja kimoja. Programu nyingi zinazozunguka mjini zimenakiliwa kutoka gari nyingine, zinaacha ile sindano ya mwisho ya kuchoma FAP bado inafanya kazi. Mazutu hiyo haina pa kuungulia, inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye mafuta ya motere. Unapima mafuta unaona yamepanda juu ya alama, unafurahi. Hayo si mafuta, ni mazutu. Na turbo inazungukia humo.

Tena mpiga programu anataka kukupendeza, anaongeza torki. DSG ya speed 6 ya gari hii inapangiwa karibu 400 Nm. Kiwanda kimekwisha kutumia 380. Ukipandisha mpaka 430, ambrayaji (klachi) zinaanza kuteleza kwenye joto, na bwati inatetemeka kwenye foleni ya komini ya Kenya, hapa mjini, siku ya soko. Na moshi mweusi unaopumuliwa na watoto wa Katuba si jambo la kucheka, hata kama hakuna mwenye kuupima.

FAP nzima inaishi ikiendeshwa vizuri. Masizi yanaungua yenyewe kwenye joto la karibu digri 600, na kwa hiyo gari inahitaji dakika 15 hivi bila kusimama, juu ya 60 kwa saa, mizunguko 2,000 ao zaidi. Mtu wa kwenda Likasi mara moja kwa wiki, kilometa 120, hatajua hata kwamba FAP ipo. Mtu wa nyumbani-ofisi-shule, kilometa 4 na kuzima, ataizuia katikati kila mara. Dalili: feni inaendelea kuzunguka kwa nguvu baada ya kuzima, motere kwenye kusimama iko juu ya 900, mazutu inaisha haraka. Ukiona hivyo usizime, toka barabara ya Kasumba, rudi ikimaliza.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mnunuzi ni moja: unaendesha wapi? Anayekaa mtaa wa Golf na kufanya kazi mjini (Golf ndani ya Golf, tunaelewana) achukue GTI.

---

Deux_Litres amejibu:

Sawa kabisa. Ila na GTI isitakaswe: inataka esanse ya 95 kwenda juu, na esanse ya bidoni itaigongesha vilevile. Tofauti ni kwamba kugonga kompyuta inakusikia na kupunguza nguvu. CP4 haikuambii kitu mpaka siku ya kufa.

Golf 8 GTD, farasi 200 na torki 400, hiyo usiiguse. Ina sindano mbili za AdBlue. Maji hayo ya urea ya asilimia 32.5 yakiisha, gari inahesabu kilometa kisha inakataa kuwaka tena. Tena hayapendi kukaa kwenye joto la juu ya digri 30. Bidoni iliyokaa juani dukani toka Septemba si ya kununua.

---

Kadi ya Chini amejibu:

Ninyi wote motere, motere. Barabara je? GTD imeteremshwa milimeta 15 kuliko Golf ya kawaida. Nyingi za Ubelgiji zinakuja na janti 18, tairi 225/40, yaani ukuta wa mpira milimeta 90 tu. Shimo moja la masika pale Ruashi, janti imepinda.

Rudi kwenye 225/45 R17, ukuta 101, kimo cha gurudumu kinabaki karibu sawa. Unaweza kwenda mpaka 205/55 R16, ukuta 113, lakini jaribisha janti ya 16 juu ya kaliperi ya breki ya mbele kabla ya kununua zote 4, si kila umbo linapita. Matundu ya janti ni 5 kwa duara ya milimeta 112, tundu la katikati 57.1.

Chini weka bamba la chuma la milimeta 3. Acha tundu la kumwagia mafuta, na usizibe njia ya hewa ya bwati. Wakati wa vumbi, Mei mpaka Septemba, filtri ya hewa iangaliwe kila mwezi na isipulizwe kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani.

---

Janti_17 amejibu:

Aksanti sana wakubwa. Basi mpango unageuka: GTD moja tu, kwa mtu wa mgodi anayepanda Kolwezi kila wiki na ana mazutu ya kampuni yake iliyochujwa. Zile zingine GTI. Nikiwa na mtu kule Ubelgiji wa kuniangalizia kabla ya kulipa, aangalie nini hasa?

---

Fundi wa Kampemba amejibu:

Aende na mtu mwenye skana na bisibisi za torksi. Motere iwe baridi, muuzaji asiiwashe kabla.

Kwanza kidole ndani ya bomba la moshi. Gari yenye FAP nzima ina bomba karibu safi, kijivu. Likiwa jeusi na masizi yanashika kidole, FAP imekwisha kutobolewa ao imepasuka.

Kisha skana: majivu ndani ya FAP, na umbali tangu kuchoma kwa mwisho. Ikiwa inachoma kila kilometa 100 badala ya mia kadhaa, achana nayo.

Pompu: juu ya CP4 kuna valvu ya kupimia mazutu, inaitwa N290. Asafishe kando yake kwa hewa, aifungue, aangalie ncha yake na kichujio chake kidogo kwa taa. Ikiwa safi, nzuri. Ikimeta kama poda ya fedha, hata ikiwa gari inawaka na kutulia, aondoke hapo hapo. Muuzaji akikataa N290 isifunguliwe, aombe angalau filtri ya mazutu ya zamani na aipasue. Metameta inaonekana kwenye mikunjo ya karatasi.

Joto: aendeshe dakika 20 kwa nguvu. Pompu ya maji ya motere hii ina kikombe kinachofunika panga zake motere ikiwa baridi, na kikombe hicho kina tabia ya kukwama kimefunga. Sindano ya joto inapita 90 huku mpira wa chini wa radiateri uko baridi, ndiyo hiyo. Sindano ikikaa palepale, bado aulize faktira ya mkanda wa distribisio (timing). Kiwanda kinasema kilometa 210,000, lakini kwa gari ya miaka 10 mkanda, pompu ya maji na kikaza vibadilishwe pamoja, kazi ni ile ile. Bora ifanyike kule kabla ya kupakia, piesi za asili ziko karibu.

DSG: faktira ya mafuta na filtri kila kilometa 60,000. Ikiwa hakuna, ahesabu litre 5.2 hivi za mafuta ya DSG pamoja na filtri, na hayo aweke ndani ya buti yaje na gari. Na filtri za mazutu 4, za chapa inayojulikana. Hapa utapata zinazofanana kwa umbo, lakini karatasi yake inapitisha maji kama chandarua.